Kunyoosha nywele za kipilipili: chagua njia kabla hujakaa kwenye kiti cha saluni

Kuna kunyoosha kunakoondoka na maji, na kuna kunyoosha kunakoondoka na mkasi. Uzi, rola, bloo na pasi viko upande wa maji. Dawa, yaani ile ya kemikali ya kunyooshea nywele, iko upande wa mkasi. Keratini, ile ya kupakwa saluni kisha kupigwa pasi, inakaa katikati na ina mambo yake, tutayafikia.

Kinachoniuma, kama msusi, ni kwamba wengi wetu hatukuchagua. Msichana amekatwa nywele tangu darasa la kwanza kwa sababu ya shule. Anamaliza kidato cha nne, nywele zinaanza kushika kitana, na kabla mwaka haujaisha shangazi au rafiki ameshampeleka kuweka dawa. Hajawahi kuzijua nywele zake mwenyewe zikiwa ndefu, na tayari ameanzia kwenye njia ambayo hairudi nyuma. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Unaanza na njia zinazoondoka kwa maji, na unapanda kwenda kwenye njia kali pale tu unapokuwa na sababu yako.

Hatua ya 1: Jua ni kitu gani kinachonyooshwa

Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini. Mkunjo wake unashikiliwa hasa na vifungo vya aina mbili. Vya kwanza ni vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni dhaifu: maji na joto huvifungua, na unywele ukikauka vinajifunga upya katika umbo ulilouacha nalo. Ndiyo maana nywele zilizopigwa pasi Dodoma, kwenye hewa kavu, zinakaa siku kadhaa, lakini ukishuka nazo Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Machi zinavimba kabla ya jioni. Si kosa la msusi. Unyevu wa hewa umeshavifungua vile vifungo.

Vya pili ni vifungo vya salfa. Hivi maji hayaviwezi. Dawa inavivunja, na havirudi tena. Unywele uliokwisha kutiwa dawa utabaki hivyo mpaka ukatwe, na kinachoota chini yake ni unywele mpya wenye mkunjo wake uleule wa kuzaliwa.

Ongeza na hili: unywele wa kipilipili ukiukata na kuutazama kwa hadubini si duara kamili, ni kama yai lililobanwa, na kila mahali unapojipinda ndipo penye udhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa nayo hayafiki nchani kwa urahisi, kwa kuwa njia yake ni ya kuzungukazunguka. Kwa hiyo nywele zetu ni kavu na zinakatika upesi hata kabla ya moto au dawa. Njia yoyote utakayochagua ni mzigo unaoongezwa juu ya hapo.

Hatua ya 2: Tazama maisha yako, acha picha ya kwenye simu

Jiulize kwanza kichwa chako kinalowa mara ngapi. Kama unaogelea, unafanya mazoezi ya kutoka jasho, au ni mwanamke wa Kiislamu mwenye mume na josho ni jambo la kila mara, basi maji yatafika kwenye mashina ya nywele hata usipopenda. Pasi ya wiki nzima itaondoka siku ya pili. Nawaona wengi wakiangukia hapo: anarudia pasi mara tatu kwa wiki, na baada ya miezi sita ncha zimekuwa kama manyoya ya ufagio wa zamani. Mwanamke wa namna hii anafaa zaidi kwenye uzi na mabutu, au mitindo ya kusuka ambayo haihitaji nywele ziwe zimenyooka.

Kisha jiulize unataka unyookaji wa muda gani. Kwa sendofu, kwa harusi, kwa picha za mahafali, unahitaji siku mbili tatu tu. Usiweke dawa ya miaka kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi moja.

Na mambo haya yakikuhusu, acha kabisa kemikali kwa sasa: una mba mkali, vidonda au mapunye kichwani, umefumua rasta juzi na ngozi bado inauma, ni mjamzito, au kichwa ni cha mtoto. Kuhusu mtoto nitasema waziwazi: mama, ngozi ya kichwa cha binti wa miaka sita ni laini, na hana haja yoyote inayolingana na hatari ya kumuunguza. Kama nywele zake zinakusumbua kuchana, zichane zikiwa na maji na mafuta mengi ya kulainishia, kwa mafungu madogo, kuanzia nchani kwenda kwenye shina.

Hatua ya 3: Zipime nywele zako

Chukua unywele mmoja ulioanguka wenyewe, uloweshe, uvute taratibu kwa ncha zake mbili. Unywele mzima unavutika kidogo na kurudi. Ukikatika papo hapo, nywele zako hazina nguvu ya kubeba dawa, na hata pasi iwe ya nadra. Ukivutika kama ubani uliotafunwa bila kurudi, hali ni mbaya zaidi, na hapo kinachotakiwa ni kukata ncha na kuzipumzisha.

Halafu simulia historia ya nywele zako bila kuficha. Kama zimetiwa blichi, dawa ya kunyoosha haipaswi kuzigusa. Kama ulipaka piko au rangi nyeusi ya dukani, mwambie msusi, kwa sababu baadhi ya rangi hizo zina chumvi za madini zinazogombana na kemikali. Na kama una kalikiti, yaani nywele zilizotiwa dawa ya mawimbi, sikiliza sana: kalikiti inatengenezwa kwa kemikali ya jamii ya thio, na dawa za kawaida za kunyoosha ni za jamii nyingine. Ukipaka moja juu ya nyingine nywele zinakatikia mkononi, na hakuna stimu wala mafuta ya kuziokoa.

Hatua ya 4: Anza bila moto

Njia ya bibi zetu bado inashinda nyingi: nywele za uzi. Osha, paka mafuta ya kulainishia, acha zikauke nusu. Gawa mafungu, kisha zungusha uzi wa kusukia kutoka shina hadi ncha, ukivuta kiasi tu. Lala nazo. Asubuhi fumua, na utakuta nywele zimenyooka vya kutosha kubana, kufunga fundo au kusukia mtindo mwingine. Uzi hautaleta ule mng'ao wa pasi, lakini unafunua urefu wote, na hauharibu kitu kama hukukaza. Ukiamka na vipele kwenye paji la uso, ulikaza.

Rola nazo ni nzuri, hasa kwa nywele zinazofika mabegani. Zinahitaji nywele zilizolowa, losheni ya kusetia na draya ya kukalia, ambayo joto lake ni la upole kuliko la pasi. Wasusi vijana wameiacha kazi hii kwa sababu ina muda mrefu. Ukimpata msusi anayeijua, mshike.

Hatua ya 5: Ukienda kwenye moto, dhibiti joto

Kile wanachokiita siku hizi silki presi si uchawi: ni kuosha vizuri, kustimu, kupiga bloo mpaka zikauke kabisa, kisha pasi kwa mafungu membamba. Ubora wote uko kwenye maandalizi. Nywele zilizooshwa vizuri na kukaushwa zikiwa zimevutwa kwa brashi zinahitaji pasi ipite mara moja tu.

Mambo ya kushikilia:

Nunua pasi yenye namba za joto. Isiyo na namba iache dukani. Nywele nyembamba au zenye rangi zianzie nyuzi 150 za Selsiasi, za kawaida 180, na hata ziwe nene namna gani usivuke 200. Zaidi ya hapo keratini yenyewe inaanza kuharibika, na hilo ni unyookaji wa mkasi: utaosha, utaona mafungu yaliyokataa kujikunja, na hayatajikunja tena.

Usipige pasi nywele zenye maji. Ukisikia "chsss" na kuona mvuke, maji yaliyo ndani ya unywele yanachemka na kutoboa vishimo kutoka ndani. Unywele huo utakatikia penye vishimo hivyo baada ya siku chache.

Paka kinga ya joto yenye silikoni kabla ya bloo. Mafuta ya nazi ninayapenda kwa mambo mengi, hasa kabla ya kuosha, lakini kuyapaka kwa wingi kisha kuweka pasi juu yake ni kuzikaanga nywele.

Mara moja kwa wiki mbili inatosha. Katikati funga kitambaa cha hariri au satini usiku, zungusha nywele kufuata kichwa, na usiguse pasi.

Kitana cha moto kile cha kuweka kwenye jiko la mkaa bado kipo, na mikononi mwa fundi kinanyoosha shina kuliko pasi. Shida yake ni kwamba hakina namba. Kijaribu kwanza kwenye karatasi nyeupe au kitambaa cheupe: ikibadilika rangi kuwa ya kahawia, kipoze.

Hatua ya 6: Keratini, fikiri mara mbili

Inauzwa kama chakula cha nywele. Jina lenyewe linatuliza moyo, kwani si keratini ndiyo nywele? Lakini kinachoshikilia unyookaji wa miezi mitatu hivi katika bidhaa nyingi za aina hii ni fomaldehaidi, ileile inayotengenezewa fomalini ya kuhifadhia maiti. Hutoka kama moshi pale pasi yenye joto kali inapopita juu ya dawa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayevuta moshi huo si mteja tu. Msusi anauvuta kutwa nzima, mara nyingi kwenye chumba chenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa.

Zilipokuja bidhaa "zisizo na fomaldehaidi", nyingi zikaweka asidi ya glaioksili. Mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kuhusu mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake zilipata hitilafu mara tatu, mwaka 2020, 2021 na 2022, kila mara baada ya kunyoosha nywele kwa bidhaa yenye asidi hiyo. Saluni ilikuwa Tunisia. Kabla ya hapo madaktari wa Israeli nao walikuwa wameripoti wagonjwa wa figo waliotoka kunyoosha nywele.

Msimamo wangu: siifanyi na siishauri. Kama umeamua, soma viambato kwenye chupa yenyewe, kwa macho yako, na dai madirisha yawe wazi. Chupa isiyo na lebo, au iliyohamishiwa kwenye kopo jingine, ondoka. Macho yakianza kuwasha na kutoa machozi wakati wa pasi, huenda hiyo ni fomaldehaidi, hata lebo iseme nini.

Hatua ya 7: Dawa

Hapa ndipo wengi tulipo, na dawa ikiwekwa kwa ustadi nywele zinaweza kukaa vizuri miaka. Lakini kuna mambo ya kujua kabla ya kusema ndiyo.

Kwanza aina. Dawa za saluni zenye sodiamu haidroksaidi zinafanya kazi haraka na huacha nywele laini zaidi, lakini zinaunguza ngozi upesi. Zile za pakiti zilizoandikwa "no lye", yaani zisizo na sodiamu haidroksaidi, ambazo unachanganya krimu na kimiminika, zina kalisiamu haidroksaidi na guanidini. Ngozi inazivumilia kidogo zaidi, ila zinaacha kalisiamu kwenye unywele na kuukausha. Ukiwa Dar na maji unayotumia ni ya kisima yenye chumvichumvi, unaongeza madini juu ya madini, kisha unalalamika nywele zimekuwa kama majani makavu. Osha mara moja kwa mwezi kwa shampuu ya kutoa madini, na kama unaweza, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya dukani. Aina zote mbili za dawa ni kali sana. Hakuna dawa ya kunyoosha ya "asili", hata iwe na picha ya parachichi. Teksturaiza nayo ni dawa ileile inayoachwa kwa muda mfupi.

Pili afya. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uitwao Sister Study, uliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Wanawake waliotumia bidhaa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Kwa makadirio yao, kufikia umri wa miaka 70 ni asilimia 1.64 ya wasiotumia wangeipata, na asilimia 4.05 ya watumiaji wa mara kwa mara. Huo ni uhusiano, si uthibitisho kwamba dawa ndiyo chanzo, na idadi bado ni ndogo kwa mia. Lakini piga hesabu: ritachi, yaani kurudia dawa kwenye nywele mpya zilizoota, ikiwa kila wiki 8 ni mara 6 hivi kwa mwaka. Ritachi kila wiki 16 ni mara 3. Kwa hiyo kama unabaki na dawa, jambo lenye maana kuliko kubadili chapa ni kuongeza wiki.

Kuongeza wiki kunasaidia hata nywele zenyewe. Nywele huota kama sentimita 1.25 kwa mwezi. Kabla ya wiki 8 shina jipya ni fupi mno, na dawa itagusa sehemu iliyokwisha kunyooshwa. Hapo ndipo nywele zinapokatika, katikati ya kichwa, mwaka baada ya mwaka, na mtu anaamini nywele zake "hazikui".

Siku ya dawa iwe hivi. Kwa siku tatu kabla, usioshe, usikune, usichane kwa nguvu. Kama umefumua rasta, subiri wiki mbili. Msusi avae glavu, apake vaselini ukingoni mwa nywele, masikioni na kwenye ngozi. Ajaribu kwanza fungu dogo kisogoni, aoshe, atazame. Kisha agawe sehemu nne, aanzie kisogoni na kumalizia mbele, kwa kuwa nywele za ukingoni ni nyembamba. Apake shina jipya tu, na nywele za zamani azikinge kwa kondishena. Alainishe kwa mgongo wa kitana, asichane. Saa ionekane, na muda usizidi ulioandikwa kwenye pakiti.

Na hili naliandika kwa nguvu zangu zote: kuwashwa si dalili kwamba dawa "inakolea". Ni ngozi inaungua. Ukisikia kuwaka, sema "nioshe", na msusi akijibu "vumilia kidogo dada, bado mbele", simama mwenyewe uende kwenye sinki. Tumelelewa kuvumilia maumivu ya kichwa kwa ajili ya urembo tangu tukiwa tumebanwa magotini tukisukwa twende kilioni. Kwa dawa, uvumilivu huo unaacha makovu, na penye kovu nywele haioti. Dawa ikiingia jichoni, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Usipake ndimu wala siki.

Kuosha ni nusu ya kazi. Maji ya uvuguvugu, dakika tano au zaidi, mpaka hakuna utelezi. Kisha shampuu ya kuzimisha dawa, mara tatu. Zile zenye kiashiria hutoa povu la waridi kama dawa bado ipo, na unaendelea mpaka povu liwe jeupe. Hakikisha nyuma ya masikio na kisogoni. Nywele zisinyooke kama nyuzi za plastiki. Ukibaki mkunjo kidogo, umebakiza nguvu kidogo. Pasi isiguse siku hiyo wala wiki hiyo.

Pakiti iwe imefungwa, yenye tarehe na alama ya ukaguzi. Kwa Tanzania, vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019. Kenya ni KEBS. Dawa ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kopo kubwa lililokaa wazi, ikatae.

Hatua ya 8: Ukitaka kuacha, au ukiona dalili mbaya

Kuacha dawa si lazima unyoe. Kila tarehe ambayo ungeweka ritachi, kata sentimita tatu za nchani badala yake. Nywele zinaota kama sentimita 15 kwa mwaka, basi nywele za kufika mabegani zitakuchukua miaka miwili hivi. Sehemu hatari ni pale nywele mpya inapokutana na ile yenye dawa: ilowe kila unapochana, na uisuke uzi au mabutu ili isivutwe huku na huku.

Lakini utosi ukianza kupungua, ukiwasha au kuuma ukiugusa, na ngozi ikaanza kung'aa bila vitundu vya nywele, usisubiri mafuta ya kuotesha. Upara wa aina hiyo unaacha makovu, na kinachoweza kuokolewa ni kile tu ambacho hakijafika huko. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema: Muhimbili, au KCMC Moshi ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, au hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Fumua nywele kabla ya kwenda, usipake mafuta asubuhi hiyo, na ubebe pakiti za bidhaa zote unazotumia.